Mashine ya kupima tansio (presha ya damu) nyumbani kwa mama mwenye mimba ngumu: nimeitumia Goma, haya ndiyo ninayosema

Kwa wenye haraka, jibu ni hili: nunua ile ya kufunga mukono wa juu, hapana ile ya kufunga pale pa kuvalia saa, halafu kabla hujaiamini uipeleke kwa muganga wako ailinganishe na ya kwake, na usipime zaidi ya vile amekuambia. Mwenye mimba isiyo na shida wala haihitaji, pesa hiyo anunue samaki. Ila wewe ambaye tansio ilishakusumbua, ao uko na mapacha, ao ulishapoteza mutoto juu ya tansio, kaa kitako tuongee, juu mimi nikianza maneno hii sijui kukata.

Niko Goma, na hii ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilifika mwezi wa saba, uso ukavimba watu wakasema ni mimba ya kupendeza, kichwa kikauma wakasema ni jua, halafu siku moja nikaanguka nikaanza kutetemeka, kuamka niko hopitali ulimi umejaa vidonda na tumbo haina kitu. Kifafa cha mimba. Mutoto hakuishi. Sitaandika zaidi juu ya hiyo, ninaitaja tu mujue anayewaandikia si mutu aliyenunua kamashine juu ya kupenda vitu vya betri.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokamata dokta hakungojea. Aliniandikia aspirini ndogo, ile ya miligramu 75, kila siku, akasema inapaswa kuanza mapema kabla ya wiki 20 na ni yeye wa kuipanga, si ya kujinunulia tu kwenye kibanda. Akaongeza vidonge vya kalisiamu juu wengi wetu hatunywi maziwa ya kutosha (na mimi nikaongeza sambaza, vile visamaki vidogo, nazikula nzima na mifupa yake yote, hapo hakuna wa kunikataza). Halafu akasema, mama, tafuta namna upate mashine ya nyumbani. OMS, lile shirika la afya la dunia, inaomba mama mwenye mimba aonane na waganga angalau mara 8 mpaka kuzaa, muzuri sana, lakini hata ukienda zote 8 kuna majuma yanapita katikati, na tansio haikungojei mpaka siku ya CPN, ile ya kupimwa mimba, ifike.

Sasa kununua. Ilikuwa 2025, ule mwaka banki za Goma zilifungwa tangu vita ilipoingia mujini mwisho wa mwezi wa kwanza, kwa hiyo pesa ilitoka kwa kaka yangu kupitia telefone na kuitoa ilikuwa kazi ingine, mwenye kibanda anakukata yake bila haya na wewe unasema aksanti juu hakuna kwingine. Nikaenda Birere na mudogo wangu. Kwenye farmasi ya kwanza muuzaji alinisukumia ile ya kifundo cha mukono, eti ndiyo ya kisasa, eti ni nyepesi, inaingia kwa sakoshi, na kweli bei yake iko chini. Nikamwambia tujaribu. Nikapima mukono ukiwa kwenye paja, nikapima tena nimeuinua mpaka kwenye kifua, namba zikatoka mbali kabisa na mutu ni mumoja, kiti ni kimoja, dakika ni zile zile. Hiyo si uongo wa mashine, ndivyo inavyofanya kazi, ukiishusha chini ya moyo inapandisha namba, ukiipandisha juu ya moyo inaishusha, na mama aliyechoka amelala nusu hawezi kila mara kukumbuka mukono wake uko urefu gani. Tukatoka. Duka la pili walikuwa na ya mukono wa juu, mwenyewe akaanzia dola 50, mudogo wangu ana mudomo, tukamaliza na 35. Chapa sitangazi, ziko nyingi na nusu yake sijui zinatoka wapi. Angalia aina, angalia kama kwenye kartoni ama ndani ya karatasi wameandika kwamba ilijaribiwa kwa wanawake wenye mimba, juu si zote zilizojaribiwa, na ndiyo sababu zingine zinasoma chini kwa mama mwenye preeklampsia, ile tansio ya mimba inayoweza kufika kwenye kifafa, kumbe damu yake inasukuma sana.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia ni kile kitambaa cha kufunga, kile kinachojaa upepo. Kiko na saizi! Cha kwangu kiliandikwa 22 mpaka 32, hizo ni santimetre za kuzunguka mukono, unapima katikati ya bega na kiwiko na metre ya fundi wa nguo. Mwenye mukono wa 34 akifunga kitambaa cha 32 namba inatoka kubwa kuliko ukweli, anaandikiwa dawa ya ugonjwa ambao labda hana. Kwangu mwanzoni kilienea vizuri, lakini kufika mwezi wa saba mikono ilinenepa kikaanza kubana na kufunguka chenyewe katikati ya kupima, prrr, halafu inaandika makosa. Kikubwa cha 32 mpaka 42 kinauzwa pembeni, kwa Goma nilikitafuta mpaka nikachoka, mwisho jirani aliyevuka Gisenyi, upande wa Rwanda, akaniletea. Hapo ninaiondolea mashine pointi. Mutu anayetengeneza kitu cha bamama wenye mimba anajua kabisa mama ananenepa, angetia vitambaa viwili kwenye kartoni.

Betri ni nne, zile ndogo za kawaida. Za bei rahisi zinakufa mbio na zikianza kufa mashine inasukuma upepo polepole, inasimama, inaanza tena, inakukasirisha mpaka tansio ipande ya kweli. Nunua za muzuri. Iko na nafasi ya kuchomeka kwenye kura (umeme) lakini waya wake unauzwa peke, na kwetu kura yenyewe munaijua. Kioo hakina taa, usiku unamulika na telefone. Karatasi ya maelezo iko Kiingereza na Kifaransa kwa herufi za kuwaua macho, bwana yangu ndiye alisoma. Mambo mazuri sasa: inakumbuka namba zilizopita, kelele yake ni ndogo haiamshi mutu, na kuibonyeza ni kitufe kimoja tu, hata mama mkwe ambaye hataki kugusa telefone aliweza.

Ya kuilinganisha kwa muganga nairudia juu ndiyo watu wanairuka. Niliibeba kwenye sakoshi siku ya CPN, yule mama mzalishaji akanipima na ya kwake ile ya kubonyeza na mukono na kusikiliza, halafu na yangu, halafu ya kwake tena, mukono ule ule. Zikatofautiana kidogo tu, akasema hii tunaweza kuiamini, akaandika kwenye fishi, karatasi yangu ya CPN. Kama zingekuwa mbali angeniambia niirudishe dukani. Kuna mama tuliyekuwa naye kwenye benchi, yake ilikuwa inasoma chini sana, alikuwa anatembea na furaha ya bure.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Ukojoe kwanza. Chai kali na kahawa hapana nusu saa kabla. Ukae kwenye kiti chenye pa kuegemea, miguu yote chini, usipishanishe, mukono juu ya meza urefu wa moyo, kitambaa kwenye ngozi si juu ya pulovere, vidole viwili juu ya pale mukono unapokunjika, utulie dakika 5, na USIONGEE. Hiyo ya mwisho kwa nyumba zetu ndiyo ngumu kuliko kuzaa. Mutoto wa jirani anaingia kuomba chumvi, mutu anapiga hodi, shemeji anauliza rimoti iko wapi, na wewe umefungwa mukono unajibu na macho. Na kama umetoka mujini na moto (pikipiki), umerukishwa kwenye yale mawe ya volkano kuanzia rond-point mpaka mulangoni, usipime siku hiyo hiyo ukiwa bado unahema, utaona namba ya barabara si yako. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, andika zote.

Ndiyo, andika. Mimi nilikuwa na kaye ndogo ya batoto ya masomo, upande mumoja asubuhi, upande mwingine jioni, namba ya juu, namba ya chini, na pembeni neno moja: kichwa, ao kuvimba, ao hakuna. Nitasema kitu watu watakataa: kaye ilinisaidia karibu sawa na mashine. Dokta alikuwa na watu wamejaa mpaka nje, anakupa dakika chache, ukianza kumuelezea "dokta najisikia vibaya vibaya" anaandika parasetamoli. Ukimufungulia kaye anasimamisha kalamu na kuangalia. Ndiyo hapo aliona kwamba namba ya chini ilikuwa inapanda polepole kutoka 76, 80, 84, mpaka ikakamata 90, jambo ambalo kupima mara moja kwa mwezi lingepita.

Namba zenyewe kama walivyonifundisha: 140 juu ao 90 chini, ukipima tena baada ya masaa 4 na bado iko pale, hiyo tayari ni tansio ya mimba, unapiga simu na kwenda kuonwa bila kungojea tarehe. 160 juu ao 110 chini, hapo hakuna kungojea asubuhi, hakuna kungojea bwana atoke kazini, ni hopitali yenye kuwa na dokta na chumba cha kupasulia. Na moja tu kati ya zile mbili inatosha, si lazima zote mbili zipande.

Sasa ile ambayo haiko kwenye kartoni. Nyumbani kwetu mama mkwe anaishi na sisi, alizaa batoto tisa, wa mwisho alimuzaa jioni ya siku aliyolima asubuhi, kwa hiyo unaweza kuelewa anaonaje mwanamuke anayelala mchana. "Mimba si ugonjwa, binti yangu." Kila siku. Hana roho mbaya, ndiyo maisha aliyoyaona. Mimi nabeba bidoo za lita 20 kutoka kwenye robine ya jirani na kichwa kinapiga, juu kusema naumwa ni kusema mimi muvivu. Na kichwa kuuma hakuonekani! Hicho ndicho kinachochosha kwenye mimba ya namna hii, unaugua ndani na nje uko na mashavu yanang'aa, watu wanakusifu umenawiri. Basi jioni moja amekaa pembeni nikapima, akaniuliza hiyo inasema nini, nikamuonyesha 148 na 96, nikamwambia muganga amesema mwisho ni 140 na 90. Akaomba nimupime yeye. Ikatoka 118 na 74, ana miaka sitini na kitu! Akanyamaza. Kesho yake bidoo sikuziona, mashemeji wawili walikuwa wameshatumwa maji kabla sijaamka. Tangu hapo ndiye alikuwa wa kwanza kuuliza, "juu ngapi, chini ngapi?" mpaka majirani nao wakaanza kunisalimia hivyo barabarani, badala ya jambo mama wananiambia juu ngapi.

Mashine haikupunguza tansio yangu hata kidogo. Ila ilitoa ugonjwa ndani ya mwili wangu ikauweka mezani, kila mutu akauona. Kwa hiyo tu, mimi hizo dola 35 ningezilipa mara mbili.

Ilifunga pia midomo mingine, si yote. Jirani mumoja wa kartie alikuwa na hakika kuna mutu wa familia ya bwana anakula batoto wangu, akatuletea jina, la shangazi mumoja, na la mutu wa kuomba usiku kucha na kufunga bila maji. Mimi ni mutu wa kusali, siwezi kucheka maombi ya mutu. Lakini kufunga bila maji na mimba ile, hapana. Bwana yangu alimujibu vizuri, akamwambia muganga alituelezea kwamba shida inaanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa yake haikushika vizuri tangu mwanzo, na kwamba aliyeipata mara moja anaweza kuipata tena, hata mama yake ao dada yake akiwa aliipata hatari inaongezeka, na hakuna shangazi anayehusika hapo. Jirani hakukubali lakini alikunywa chai.

Mwingine alitaka kunipa vidonge vya tansio vya baba yake. Kwa roho nzuri kabisa! Bamama, hiyo hapana. Kuna dawa za tansio za wazee, captopril na enalapril na ndugu zake, zinaumiza figo za mutoto aliye tumboni. Za mimba ni zingine, mimi niliwekwa kwenye metildopa, baadaye wakaongeza nifedipini, na ni dokta anayepanga.

Mambo ya kulala na chumvi niyapitie mbio. Watu wote watakuambia lala kitandani usitoke na usionje chumvi. OMS haishauri kumulaza mama mwenye tansio kitandani siku zote, haionekani kusaidia, wala haishauri kukatisha chumvi wakati wa mimba ili kuzuia preeklampsia. Mimi niliambiwa nipunguze kazi nzito, nipumzike nikichoka, nitembee kidogo, na nile kawaida. Kula sombe bila chumvi miezi mine ingekuwa adhabu juu ya adhabu.

Narudi kwenye ubaya wa mashine, juu si yote asali. Iko na tabia ya kuita. Imekaa pale juu ya kabati na wewe unajua kwamba dakika moja tu itakuambia kama uko muzima. Usiku ndiyo mbaya. Risasi zinalia upande wa Ndosho ao sijui wapi, moyo unaruka, unasema acha nione, inatoka kubwa, unaogopa ile namba, unapima tena, imepanda juu umeogopa, unapima tena. Bwana yangu akaiweka kwenye valizi na ufunguo. Nilimukasirikia sana. Yule mama mzalishaji nilipomwambia hakucheka, akauliza, "Unalala?" Hakuna mutu mwingine aliyekuwa ameniuliza hiyo tangu mimba inaanza, wote wanauliza tumbo. Nikamwambia silali, kwamba nguo za mutoto sijanunua hata soksi, kwamba mutu akinipongeza nataka kumuambia nyamaza usiite balaa, kwamba mutoto akicheza tumboni nafurahi na hapo hapo naona kosa kufurahi, juu yule wa kwanza naye alikuwa anacheza. Nikalia pale mbele ya foleni. Alinifungia mulango. Akasema wamama waliopoteza mara nyingi wanabeba mimba inayofuata hivi, kwa woga, na si kwamba hawamupendi mutoto, na kwamba woga ukinizuia kulala na kula siku nyingi mfululizo nimuambie, iko na mutu wa kuongea naye pale pale hopitali, si wa vichaa tu. Halafu akanipa kanuni: asubuhi na jioni. Basi. Katikati hakuna, isipokuwa kichwa kinauma sana ao macho yanaona vibaya. Na usiku ukiogopa, amusha mutu, usiamushe mashine.

Kanuni hiyo ingeandikwa kwenye kartoni kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni.

Nyingine ya kuandika pale ni vitu ambavyo mashine haivioni. Haioni albumini (protini) kwenye mukojo, hiyo ni egzame ya mukojo. Haioni mutoto kama amepunguza kucheza. Haioni maumivu ya juu ya tumbo upande wa kuume chini ya mbavu, ambayo mimi niliyafikiria ni maharagwe. Kichwa kisichosikia parasetamoli, nyota na giza machoni, kuvimba uso na vidole kwa gafla, kuhema kwa taabu, kutapika mwishoni mwa mimba: ukiwa na hayo unaenda hata kama mashine imeandika namba ya kupendeza. Kuna mama anaweza kupata kifafa na namba yake haikuwa ya kutisha. Ndiyo maana mimi sikubali wale wanaoandika eti mashine hii "inakulinda". Inasoma tu.

Kwangu ilisoma wiki ya 36. Jioni ilikuwa 150 na kitu, nikapiga simu, wakasema kesho asubuhi mapema uje. Katikati ya usiku kichwa kikaniamsha, si kuuma, ni kugongwa, na kwenye giza naona mwanga unapita. Bwana akafungua valizi. 166 na 112. Nikatulia, tukarudia, 168. Sasa musome hapa muzuri wenye kuishi kartie zetu: usiku kwetu moto haitembei, ambulansi usiwaze, na hiyo tulikuwa tumeshaongea mwezi mmoja mbele na jirani mwenye gari, mafuta yamewekwa pembeni kwenye bidoo, pesa kwenye bahasha, sakoshi mulangoni, na mudogo wangu mwenye damu ya aina yangu anajua ataitwa. Mama mkwe ndiye aliyempigia jirani dirisha. Kama tusingekuwa na namba, najua kabisa tungebishana: ni kichwa tu, ngoja kuche, nje kuna hatari. 112 haikubishaniwa na mutu.

Hopitali walipima mukojo, albumini imejaa. Wakanichoma manyezi, ile sulfate ya manyeziamu ya kuzuia kifafa, mwili mzima unawaka joto mpaka masikio, lakini nilikuwa nimeambiwa kwamba itawaka kwa hiyo sikuogopa. Wakanipasua kabla ya saa sita mchana. Mutoto ni mwanamuke, mudogo, kelele nyingi. Yuko.

Na hapa bamama wengi wanarudisha mashine kwenye kartoni, na wanaoiuzia wenzao wanaiuza wiki ile ile. Musifanye! Kondo likitoka ugonjwa unaanza kupona lakini hauondoki siku hiyo. Tansio inaweza kupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, na preeklampsia inaweza kuja hata baada ya kuzaa, mpaka wiki 6. Mimi nilitoka hopitali 138, nyumbani wageni wamejaa, watu wanakuja kuona mutoto na soda zao, kila mutu ana furaha, na kwenye kelele ile mama mkwe ndiye aliyesema binti hajapima leo. 154 na 100. Nikarudishwa kwenye nifedipini, na nikanyonyesha nayo bila shida, dokta alisema inakubalika. Nilipima mpaka ule mwezi na nusu ukaisha, na dokta akanipa tarehe ya kurudi kila mwaka, juu aliyepata hii anabaki na hatari ya tansio na moyo hata huko mbele.

Kwa hiyo nota. Kusoma sawa, baada ya kuilinganisha: naipa 5 juu ya 5. Kitambaa kimoja tu kwenye kartoni: 2. Betri na kioo bila taa kwa muji kama Goma: 2 na nusu, mutu aliyeitengeneza hajawahi kukatikiwa kura. Bei: kama uko na mimba ngumu ni ya kawaida, kama huna ni pesa ya bure. Wenye uwezo mudogo mujipange wawili watatu wa kartie moja, mashine moja inatosha, kila mutu na kaye yake, mradi saizi ya mukono inafanana ao munanunua kitambaa cha pili.

Yangu sasa iko kwa shemeji kule Majengo, mimba ya mapacha, mwezi wa sita, anapima asubuhi na jioni na mama mkwe anampigia simu kuuliza. Kile kitambaa kikubwa hakimuenei, mukono wake ni wembamba sana, kwa hiyo nimebaki nacho. Ni cha 32 mpaka 42, hakijatoboka, bomba lake ni la kuchomeka la kawaida. Mwenye kukihitaji na yuko Goma aniandikie, simuuzii, nampa, akimaliza ampe mwingine.